Utumbo wa Mbuzi na Maji ya Kisima

Saa kumi na moja na nusu alfajiri huwa nimeshafika machinjioni, chupa ya chai kwapani. Ndani yake hamna chai. Mna maji niliyoyachanganya usiku na kuyalaza kwenye friji: kwa kila lita, gramu 8 za chumvi, gramu 1 ya baikaboneti ya sodiamu, gramu 1 ya glukosi, na vidogo vidogo vya potasiamu, kalsiamu, magnesi na fosfeti. Mapishi haya ni ya Mmarekani Maurice Tyrode, aliyeyachapisha mwaka 1910, na mpaka leo maabara za fiziolojia duniani zinayatumia karibu bila kubadilisha kitu.

Mchinjaji ameshanizoea. "Maalim, leo wataka wapi?" Namwambia pale pale pa siku zote, mwanzo wa utumbo mwembamba, unapotoka tumboni. Hunikatia kiasi cha shibiri mbili ukiwa ungali na joto la mbuzi. Nausuuza kwa maji yangu polepole, bila kuuvuta wala kuuminya, kisha nautia kwenye chupa. Hakuna mnyama anayechinjwa kwa ajili ya darasa langu. Mbuzi huyu anakwenda sokoni, na nyama yake italiwa leo mchana. Mimi nachukua kilichokuwa kinaelekea kwenye ndoo ya matumbo.

Nasomesha fiziolojia chuoni, hapa Mombasa, kwa wanafunzi wanaotaka kuwa wauguzi na maafisa wa kliniki. Somo la umeme wa utando wa seli nililisomesha kwa chaki miaka mingi. Nilikuwa nachora duara, naandika potasiamu ndani, sodiamu nje, naweka alama ya kutoa upande wa ndani, naandika "milivolti −70", nao wanaandika. Kwenye mtihani wanairudisha ile −70 ilivyo. Lakini ukimsimamisha mmoja wao na kumuuliza ukiongeza potasiamu nje ya seli kutatokea nini, atakujibu: potasiamu ni chanya, itaingia ndani, na ndani kutakuwa chanya zaidi.

Jibu hilo ndilo lililonifanya nianze kwenda machinjioni. Ubaya wake ni kwamba mwisho wake ni sahihi. Kweli ndani kunapungua uhasi. Anayesahihisha mtihani anaweka alama ya vema na kuendelea, na mwanafunzi anatoka na vyeti vyake akiwa ameuelewa mwili kinyumenyume.

Mambo yalivyo ni hivi. Ndani ya seli mna potasiamu kiasi cha milimoli 140 kwa lita. Nje, kwenye maji ya mwili, ni kama 4 au 5 tu. Seli ikiwa imetulia, utando wake una milango inayoruhusu potasiamu kupita kuliko ioni nyingine, yaani chembe nyingine zenye umeme. Basi potasiamu inatoka, kwa sababu ndani ni nyingi na nje ni chache. Kila inayotoka inaondoka na uchanya wake na kuacha nyuma wenzake hasi, mapande makubwa ya protini yasiyopita mlangoni. Ndani kunaanza kuwa hasi, na uhasi huo unaivuta potasiamu irudi. Inafika mahali mvuto wa kurudi unalingana na msukumo wa kutoka. Hapo ndipo tofauti ya umeme inapotulia. Na ioni zilizotoka kufikisha hali hiyo ni kidogo mno. Ukipima potasiamu ya ndani kabla na baada, hutaona imepungua.

Mfano ninaowapa ni wa feri ya Likoni. Feri ikitia gati na mlango ukashushwa, watu wanamiminika nje kwa sababu ndani wamebanana na nje kuna nafasi. Sasa chukulia kule nje kumeshajaa watu mpaka kwenye kiguzo cha mwisho. Wa ndani bado wanataka kutoka, lakini wanaofanikiwa ni wachache. Ukiongeza potasiamu nje, hujaisukuma iingie. Umeipunguzia ya ndani sababu ya kutoka. Na kwa kuwa kutoka kwake ndiko kulikokuwa kunaifanya seli iwe hasi, uhasi unapungua.

Walther Nernst, Mjerumani, aliyaweka haya kwenye hesabu mwishoni mwa karne ya 19. Kwa joto la mwili, gawa potasiamu ya nje kwa ya ndani, tafuta logi yake, zidisha kwa 61.5. Tano kwa 140 inakupa kama milivolti −89. Weka 50 mahali pa 5 na inaruka mpaka −27. Wanafunzi wangu wanayo simu yenye kikokotoo, wanaipata hesabu kwa nusu dakika. Ila −27 ya kwenye simu haimwambii mtu kitu. Inabidi aione inafanya kazi.

Vyombo vya kupimia umeme ndani ya seli hatuna. Vinahitaji sindano ya kioo nyembamba kuliko unywele mara nyingi, na kikuza-mkondo, na meza isiyotikisika. Tunacho hiki: gudulia la kioo la mililita 200 ndani ya beseni la maji ya moto, kipimajoto, pampu ndogo ya tangi la samaki ya kupuliza hewa, uzi wa kushonea, na mrija wa soda. Kipande cha utumbo, urefu wa sentimita mbili na nusu, kinafungwa uzi ncha zote mbili, tundu la katikati likiachwa wazi. Uzi wa chini unafungwa kwenye waya ndani ya gudulia. Wa juu unafungwa kwenye mrija, ambao umechomwa pini ili uchezee hapo kama mzani. Utumbo umefungwa sentimita 2 kutoka kwenye pini, na ncha ya mrija iko sentimita 20. Kwa hiyo utumbo ukijivuta milimita 1, ncha inakwenda sentimita 1. Nyuma ya ncha tunabandika karatasi ya mistari, na mtu mmoja anashika simu kurekodi.

Mara ya kwanza nilipoleta haya darasani ilikuwa saa nne asubuhi. Mbuzi alikuwa ameshachinjwa zaidi ya saa nne. Kipande kilipotoka kwenye chupa ya chai kilikuwa kimelegea, cheupe cha kijivu, kimepoa kama kamba iliyolowa. Nikakifunga, nikakishusha kwenye maji ya nyuzi 37, nikafungulia hewa. Hakuna kilichotokea. Dakika tatu, nne. Wanafunzi wa nyuma wakaanza kuzungumza mambo yao. Halafu ncha ya mrija ikapanda kidogo, ikashuka. Ikapanda tena, juu zaidi. Binti mmoja aliyekuwa ameinama karibu na gudulia akaruka nyuma: "Wallahi kinatembea!"

Kilikuwa kinatembea kweli. Kupanda na kushuka, kwa mpigo wake, kama mara kumi na tatu kwa dakika, bila ubongo, bila mishipa inayotoka popote, bila mbuzi. Darasa zima likaja mbele. Kuna kijana aliniuliza, na uso wake ulikuwa mzito: "Mwalimu, sasa huyu amekufa au hajafa?" Nikamwambia mbuzi amekufa, na seli zake hizi bado zina potasiamu ndani na sodiamu nje, na maadamu pampu zake zinapata sukari na oksijeni, zitaendelea. Pampu yenyewe, inayotoa sodiamu tatu kwa kila potasiamu mbili inazoingiza, aliigundua Jens Skou wa Denmark mwaka 1957, na kwa kazi hiyo akapata Tuzo ya Nobel miaka arubaini baadaye.

Mpigo ule unatoka kwenye seli maalumu zilizojipanga katikati ya matabaka ya misuli, zinazoitwa seli za Cajal kwa jina la Mhispania aliyezieleza. Umeme wake unapanda na kushuka wenyewe kama kupwa na kujaa, na msuli laini unafuata. Msuli laini ukitulia hauko −70. Uko kati ya −50 na −60, kwa sababu utando wake unavujisha sodiamu kidogo kuingia. Yaani hauko mbali na mahali milango ya kalsiamu inapoanza kufunguka, kwenye −40 hivi. Ndiyo maana msukumo mdogo unautosha.

Sharti langu ni moja: hakuna anayemimina kitu kabla ya kuandika kwenye karatasi atakachokiona, na kwa nini. Hapo ndipo somo lilipo. Anayeangalia tu anapendezwa na kusahau. Aliyeandika "utalegea" kisha akaona mrija umepaa, hasahau.

Basi wakaandika. Kisha mmoja akavuta kwa bomba la sindano mililita 10 za kloridi ya potasiamu, ya moli 1 kwa lita, akaimimina kwenye mililita 190. Sasa nje kuna kama milimoli 50. Ncha ya mrija, iliyokuwa inapanda na kushuka, ikapanda, ikapanda zaidi, ikaganda huko juu inatetemeka. Mpigo ukapotea. Ulibaki mkazo mmoja usioachia. Tukamwaga maji, tukaweka mapya, tukamwaga tena. Baada ya muda mrija ukashuka, na mpigo ukarudi kama hakukuwa na kitu.

Wanafunzi wengine wanataka kuishia hapo: potasiamu inakaza msuli, tumemaliza. Nilikuwa nimewaandalia hatua ya pili, na hatua hiyo ndiyo iliyonifundisha mimi.

Hatua ya pili ni kuondoa kalsiamu. Unachanganya maji yale yale ya Tyrode bila kutia kloridi ya kalsiamu, unamwagia, unasubiri. Mpigo unatakiwa ufifie na kufa. Ukitia potasiamu hapo, utando unapoteza uhasi wake kama kawaida, ila msuli haukazi, kwa sababu kalsiamu ya kuingia haipo. Nilikuwa nimeshawaeleza haya yote kwa kujiamini, na kila mmoja alikuwa ameandika "utanyamaza".

Utumbo haukunyamaza. Tuliosha mara moja, mara ya pili, mara ya tatu. Mpigo ulipungua kidogo, ukaendelea. Potasiamu ilipoingia, mrija ukapaa kama mara ya kwanza. Nilipima upya kila kitu kichwani. Chumvi, sawa. Glukosi, sawa. Kalsiamu sikutia, chupa yake ilikuwa bado imefungwa mezani. Nilikaa kimya mbele ya wanafunzi thelathini muda ambao kwangu ulikuwa mrefu. Ndipo binti yule yule wa "wallahi" akauliza: "Mwalimu, na maji?"

Nikamwita mzee anayetuandalia maabara. Akaja anapangusa mikono. "Maji ya betri yaliisha jana, mwalimu, na dukani nilikuta kumefungwa. Nikateka kisimani. Nimeyachuja lakini, ni safi."

Yalikuwa safi kweli, ila maji ya betri ndiyo yanayoondolewa madini. Na kisiwa hiki kimekaa juu ya mwamba wa matumbawe, na matumbawe ni kalsiamu kaboneti. Mvua inazama humo, inakaa, na inapotekwa inakuja na mwamba ndani yake. Kila aliyefua nguo kwa maji ya kisima Mombasa anajua: unasugua sabuni mpaka inakonda, povu halioni mtu. Sabuni inakataa kwa sababu ya kalsiamu. Darasa zima walikuwa wanaijua kalsiamu ya maji yale tangu utotoni, kwa mikono yao, bila kuijua kwa jina.

Nikawaambia wakae, na siku ile sikusomesha kitu kingine ila hadithi ya Sydney Ringer. Alikuwa tabibu London, akichunguza moyo wa chura nje ya mwili. Mwaka 1882 alichapisha kwamba moyo ule unaweza kuendelea kupiga katika maji ya chumvi yaliyoongezwa potasiamu kidogo. Baadaye akagundua kwamba maji aliyoyatumia hayakuwa yale yaliyochemshwa na kukusanywa mvuke wake, kama alivyodhani. Yalikuwa ya bomba la mjini. Alipoyatengeneza kwa maji safi kabisa, moyo ukachoka na kusimama. Alipotia kalsiamu, ukapiga. Mwaka 1883 aliandika kukiri kosa na kueleza kilichotokea, na hapo ndipo tulipojua kwamba msuli hauwezi kazi yake bila kalsiamu. Dripu za Ringer zinazoning'inia wodini ni ukoo wa maji yale.

Yule mzee wa maabara alikuwa amesimama mlangoni, anasikiliza. Aliposikia London nako walitia maji yasiyo yake, akaingia na kuvuta kiti.

Wiki iliyofuata tuliyafanya kwa maji ya betri. Safari hii utumbo ulififia ndani ya dakika chache. Mrija ukalala. Tukatia potasiamu, milimoli 50. Ukabaki umelala. Nikawauliza: umeme wa utando umebadilika au haujabadilika?

Wengi walisema haujabadilika, kwa kuwa msuli umekaa kimya. Hapa ndipo pa kuganda na wanafunzi hata kama kipindi kinaisha. Hesabu ya Nernst haina kalsiamu ndani yake. Potasiamu ya nje ni 50, ya ndani ni ile ile, basi uhasi umepungua kama wiki iliyopita. Milango ya kalsiamu imehisi mabadiliko na iko wazi. Lakini nje ya mlango hakuna mtu. Mwenye nyumba kafungua, mgeni hajafika.

Kisha nikampa yule kijana aliyeuliza kama mbuzi amekufa bomba la kloridi ya kalsiamu. Akadondosha. Sijui niieleze vipi ile kasi. Mrija haukupanda kwa mpigo, ulinyanyuka moja kwa moja, na kijana akabaki ameshika bomba hewani. Kalsiamu nje ya seli ni zaidi ya mara elfu kumi ya ile iliyo huru ndani, na mlango ulikuwa umeshafunguliwa kabla yake. Ikiingia inashikana na protini ya kalmodulini, kalmodulini inaamsha kimeng'enya, nacho kinauamrisha msuli ujikaze. Umeme na mkazo ni vitu viwili, na kati yao kuna mpatanishi. Kwa chaki nilikuwa nimeyasema haya miaka yote, na hakuna aliyekuwa amenisikia.

Mtu makini atauliza: mnajuaje umeme umebadilika, ikiwa hamkuupima? Ni swali la haki. Sisi tunauona kwa kivuli chake. Lakini kuna waliopima vyote viwili kwa pamoja. Edith Bülbring, Oxford, mwaka 1955 alichapisha vipimo vya msuli wa utumbo wa simbilisi, sindano ikiwa ndani ya seli na mkazo ukirekodiwa hapo hapo: uhasi ukipungua, milipuko ya umeme inaongezeka na mkazo unapanda. Nawaonyesha wanafunzi kazi hiyo baada ya mrija, kamwe si kabla.

Pia nawaambia mpaka wa hesabu yetu. Mwaka 1958 ilionyeshwa kwamba msuli laini ambao umeme wake umeshaondolewa kwa potasiamu nyingi bado unaweza kukazwa na asetilikolini, kemikali ambayo neva huitumia kuuamrisha msuli. Kuna njia nyingine za kuiamsha kalsiamu, zisizopitia umeme wa utando. Mwanafunzi asiposikia hilo atadhani kila dawa inayokaza au kulegeza utumbo inacheza na volteji.

Wanaokwenda wodini wanarudi na maswali ambayo zamani hawakuwa nayo. Mmoja alikuta mtoto aliyeharisha siku nyingi, kuharisha kumekoma, tumbo limejaa upepo, kimya ukiweka sikio. Alijua. Potasiamu imepotea na choo, nje imebaki kidogo, ya ndani inatoka kwa wingi, seli zimezidi kuwa hasi, na msuli wa utumbo uko mbali mno na mlango wake. Alipokuja aliniambia, "Mwalimu, ni kinyume cha gudulia." Gramu 1.5 za kloridi ya potasiamu zilizomo kwenye pakiti ya lita moja ya chumvi za kuongeza maji mwilini ziko pale kwa sababu hiyo pia. Mwingine alitaka kujua nifedipini anayogawa kwa wagonjwa wa presha inafunga nini. Inafunga mlango ule ule wa kalsiamu, kwenye msuli laini wa mishipa ya damu.

Tangu siku ya kisima nimeongeza zoezi ambalo halimo kwenye mtaala wowote. Kila mwanafunzi analeta chupa moja ya maji ya kwao. Tunachanganya Tyrode isiyo na kalsiamu kwa kila maji, tunatia potasiamu, na utumbo unatuambia. Muhula uliopita yalikuja ya Kisauni, ya Likoni, ya kisima cha Mji wa Kale, na ya madumu yanayouzwa kwa mkokoteni Majengo. Visima vyote viliupaisha mrija.

Binti mmoja alileta maji ya mvua yaliyotegwa kwenye bati. Aliandika "utanyamaza", na akaeleza vizuri: maji ya mawingu, hayajagusa mwamba. Mrija ukapaa.

Aliutazama sana. Akachukua chupa yake, akaigeuza kwenye mwanga wa dirisha, akaikaribisha puani. Akaniomba ruhusa apige simu nyumbani. Nikamsikia akisema, "Nyanya, lile birika la uani, ndani limepakwa nini?" Akasikiliza. Alipokata simu alirudi mezani, akakata jibu lake la kwanza kwa mstari mmoja, na chini yake akaandika: chokaa.